Shimo Jeusi Halikutokea, Kiungo cha Umeme Kiliachia

Mnamo Septemba 2008 shangazi alinipigia simu kuniuliza kama ni kweli Ulaya wamewasha mtambo utakaoimeza dunia, maana alikuwa ameisikia habari hiyo redioni. Nilimwambia asiwe na hofu, lakini nilipokata simu niliona haya, kwa kuwa sikuwa na hoja yoyote ya kumpa. Hoja nilizipata baadaye kwa kusoma, na nimegundua kwamba hatari ilikuwapo kweli, ila si ile aliyoisikia.

Mtambo wenyewe ni kigonganishi cha chembe cha CERN, shirika la Ulaya la utafiti wa nyuklia, kilichojengwa katika handaki la mviringo lenye mzunguko wa kilomita 27, chini ya mpaka wa Uswisi na Ufaransa karibu na Geneva. Protoni, chembe ndogo zilizomo katika kiini cha atomu, huzungushwa humo kwa pande mbili zinazopingana, zaidi ya mara 11,000 kwa sekunde, kisha hugonganishwa. Waliohofu walisema kwamba mgongano huo ungeweza kuzaa shimo jeusi dogo, yaani kitu chenye mvutano mkali kiasi kwamba hata mwanga hauponyoki, litakalokua hadi kuila dunia, na baadhi yao walifika mahakamani bila mafanikio.

Wanasayansi walijibu kwamba chembe zitokazo anga za mbali huipiga angahewa yetu kila siku, nyingine zikiwa na nishati kubwa kuliko ya mtambo, na dunia ingalipo. Mbishi makini atasema kwamba kitakachozaliwa angani kitapita kwa kasi na kwenda zake, ilhali cha mtambo, ambamo chembe hukutana uso kwa uso, huenda kikabaki papa hapa. Ripoti ya usalama ya mwaka 2008 haikulikwepa swali hilo: nyota za nyutroni, yaani mabaki ya nyota yaliyoshindiliwa mno, ambazo msongamano wake ungekinasa kitu kama hicho, nazo hupigwa na chembe hizohizo, na bado zipo.

Hatari yenyewe ilijitokeza tarehe 19 Septemba, siku tisa baada ya mtambo kuwashwa. Sumaku zake hupozwa kwa heliamu hadi nyuzi 271 chini ya sifuri ili nyaya zipitishe umeme bila ukinzani. Kiungo kimoja kati ya sumaku mbili kilikuwa na kasoro, kikapata moto (fundi umeme yeyote wa mtaani anaijua hadithi hii), cheche ikatoboa chombo cha heliamu, na tani zipatazo sita zikavuja kwa nguvu iliyong'oa kwenye vitako vyake sumaku zenye uzito wa makumi ya tani. Hakuna aliyeumia, kwa sababu mtu haruhusiwi kuwamo handakini mtambo ukifanya kazi. Sumaku 53 zilitolewa, na chembe hazikuzunguka tena hadi Novemba 2009.

Ninachokistahi zaidi ni kilichofuata. Waliurudisha mtambo kazini kwa takriban nusu tu ya nishati iliyokusudiwa, na ni katika hali hiyo ya tahadhari ndipo, tarehe 4 Julai 2012, walipotangaza kuipata bosoni ya Higgs, chembe iliyobashiriwa tangu mwaka 1964 na ambayo inahusika na jinsi chembe nyingine za msingi zinavyopata tungamo, yaani wingi wa maada. Baada ya hapo waliusimamisha mtambo kwa miaka miwili hivi, wakaviimarisha viungo zaidi ya 10,000, na mwaka 2015 ndipo walipothubutu kuipandisha nishati karibu na kiwango kilichokusudiwa.