Hiyo 22 pembeni ya 12

Zaina ameshaolewa, Baba ametoka wodini, mvua imeangusha ukuta wa choo, na mimi bado niko Jumanne ile, pale Bombo, kwenye studio ya Hajati, tukitazama kibandiko cha kompyuta yake iliyokuwa inajizima.

"Mwanangu, hiyo 22 pembeni ya 12 ni nini?"

"Hiyo si kitu, Hajati."

Si kitu! Jibu lote lilikuwa hapo, na aliyeliona ni mama wa miwani.

Kompyuta yake ni ile ya video za kwanjula, sherehe ya bwana harusi kutambulishwa ukweni. Nilitoa kadi ya picha, GTX 1650 ya wati 75, iliyotosheka na umeme wa sloti inapochomekwa peke yake, nikaweka RTX 3060 ya wati 170. Windows inafunguka vizuri. Akianza kurenda, yaani kuitoa video iliyokamilika, tap! Giza, kisha inajiwasha upya. Nikasingizia kadi, eti mtumba. Nikafuta draiva, nikasugua meno ya kadi kwa raba ya penseli. Pawasaplai, kile kisanduku cha kugawa umeme ndani ya kompyuta, si imeandikwa 500W?

Kibandiko chake kilisema +12V, ampea 22. Zidisha: wati 264. Kadi na prosesa zote zinakula laini hiyo. Kadi 170, prosesa ikifanyishwa kazi sana inafika 90, feni na diski bado, na kadi huruka juu ya wati zake kwa vipande vya sekunde, kinga inakata. Zile nyingine za kufikia 500 wamezihesabu kwenye volti 3.3 na 5, na kwenye ndoto.

Jumatano niliweka multimita, kipima umeme, kwenye waya wa njano na mweusi, kompyuta ikirenda: volti 11.2. Isishuke chini ya 11.4. Nikapunguza umeme wa kadi kwa programu ya Afterburner hadi asilimia 70, ikamaliza kwanjula nzima bila kuzima. Na ile adapta ya kuunganisha plagi mbili za Molex, za diski za zamani, kwenda pini 8 za kadi, niliyoiweka mwenyewe, ilikuwa inaunguza kidole.

Sasa ana pawasaplai ya 650W, ampea 54 kwenye 12V, kebo ya pini 6+2 iliyotoka na boksi lake. Kebo za pawasaplai ya zamani msizichomeke hata zikiingia: upande wa pawasaplai kila mtengenezaji hupanga pini anavyotaka, na ubao mama unaungua. Ile kebo ya pini 4+4 ni ya prosesa, msiilazimishe kwenye kadi.

Jana nikampigia, nikamwambia 22 ilikuwa kitu. Akacheka mpaka simu ikakwaruza. "Basi nipunguzie ya ufundi."

Nimempunguzia nusu, na nimelala vizuri.

Ila mbuzi wa Baba, yule mwenye mimba, hajagusa majani tangu asubuhi.