Mahindi ya mavuno yasiuzwe Jumapili ileile

Mtaa wa kanisa kijijini wenye kaya 40 (au kigango, kwa ndugu zetu Wakatoliki) mara nyingi una sadaka ya kutosha. Shida ni kwamba sadaka hiyo inaingia kwa kishindo wakati wa mavuno, Julai na Agosti, ilhali posho ya mwinjilisti, divai na mafuta ya pikipiki ya mchungaji vinadaiwa kila mwezi. Ikifika Februari kapu lina sarafu, na wazee wa kanisa wanaanza kuzungumzia mradi wa kuku wa nyama.

Kabla ya kuku, tazameni mnada wenu. Baada ya ibada ya mavuno kila kitu hupigwa mnada pale nje: mayai, mkungu wa ndizi, jogoo, na magunia ya mahindi. Jogoo huuzwa ghali kuliko sokoni, kwa sababu watu wanashindana kwa furaha na mshindi humrudisha auzwe tena. Gunia la mahindi halina bahati hiyo. Kila aliyesimama pale ana mahindi nyumbani, kwa hiyo analichukua mfanyabiashara mwenye gari kwa bei ya msimu, au chini yake. Endeleeni kunadi vinavyooza. Nafaka iwekwe.

Kaya 40 zikitoa debe 1 kila moja, hizo ni karibu gunia 7 za kilo 100. Tuseme gunia ni shilingi 50,000 Agosti na 80,000 Februari; wekeni bei za kwenu. Uzeni 2 mara moja kwa matumizi ya Septemba hadi Novemba, hifadhini 5. Tofauti ni 150,000. Toeni gharama ya mifuko mitano ya kuhifadhia, tuseme 5,000 kila mmoja, zinabaki 125,000 ambazo hakuna muumini aliyechangishwa. Mifuko isipotoboka mtaitumia tena msimu ujao.

Mifuko ninayosema ni ile ya PICS: miwili ya plastiki ndani, mmoja wa kufumwa nje. Haihitaji dawa. Wadudu na nafaka vinamaliza hewa iliyobaki ndani, na wadudu wanakufa. Lakini mahindi mabichi humo yanaota ukungu, na hapo ndipo wengi wanapoharibu halafu wanalaumu mfuko. Sadaka ya kaya 40 ina ukavu wa aina 40: mama mmoja kaanika siku tano, jirani yake kapukuchua jana. Basi msichanganye kwanza. Anikeni yote juu ya turubai siku mbili tatu, kisha pimeni kwa chumvi. Chukueni chupa kavu ya kioo, tieni mahindi hadi theluthi na vijiko viwili vya chumvi kavu, tikiseni dakika chache, acheni itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, rudisheni juani.

Pepeteni vizuri, ondoeni vipande vya magunzi vinavyotoboa plastiki. Ujazeni mfuko wa ndani mkiushindilia ili hewa itoke, usokoteni shingo, ukunjeni, ufungeni kwa kamba. Fanyeni hivyo kwa wa pili, halafu wa nje. Mahindi ambayo tayari yana dumuzi yasiingie, maana mdudu huyo anaweza kutoboa plastiki kabla hewa haijaisha. Mifuko ikae juu ya chaga, mbali na ukuta kiasi cha nusu mita ili panya waonekane. Na isifunguliwe "kuangalia tu". Kila kufungua ni kuwapa wadudu pumzi.

Mlango uwe na kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa mhazini, mwingine kwa mzee wa kanisa asiye ndugu yake. Daftari liandike debe, si fedha, mpaka siku ya kuuza. Hapa kuna ugomvi unaojirudia: usharika, wenye mitaa kadhaa chini yake, unataka mgao wake Agosti, mtaa unasema bado hatujauza. Malizeni hilo kabla ya mavuno, kwa muhtasari uliosainiwa, unaosema mgao utahesabiwa kwa bei ya siku ya kuuza.

Bei nayo si lazima ipande. Serikali ikizuia kuuza nje, au Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula akitoa mahindi yake kwa bei nafuu, Februari inaweza kufanana na Oktoba. Kwa hiyo msingoje kilele. Uzeni nusu Januari, nusu Machi. Mazao ambayo kwenu yanapitia stakabadhi ghalani (mkulima anaweka mazao ghalani, anapewa risiti, yanauzwa kwa pamoja), kama ufuta au korosho, yana njia yake: uliza chama cha msingi cha ushirika kabla ya kuita mnunuzi.

Faida ya mwaka wa kwanza isinunue spika. Najua kwaya itanuna. Inunue turubai na chaga, na ilipie safari za kufuatilia karatasi za kiwanja, kama kilitolewa kwa mdomo na mzee ambaye sasa ana miaka 80. Akiondoka, wajukuu hawatakumbuka ahadi ile. Pitieni serikali ya kijiji akiwa hai, na majina yaandikwe ya wadhamini waliosajiliwa wa dayosisi, si ya mwinjilisti.

Siku ya kuuza, kodini mzani. Mnunuzi atakuja na gunia lake la lumbesa, lenye kilemba juu, na kusema ndiyo desturi. Mwambieni bei ni kwa kilo.