Shuka la mama na chaga za kitanda

Mwaka 2009 nimemaliza fomu foo, nataka kuchora picha kubwa ya kwanza ya kwangu, ila kanvasi za madukani mjini kwa sisi wa Mbagala ilikuwa ndoto. Nyuma ya nyumba kulikuwa na kitanda kimevunjika mguu, chaga zake za mninga zimepigwa jua na mvua mpaka zimekuwa kijivu, nikang'oa nne nikazipeleka kwa mzee jirani, fundi seremala. Alipopitisha randa tu ule wekundu ukatoka, mbao inanukia kama imekatwa jana. Tulipiga fremu ya sentimita 60 kwa 80 na akaniambia pima kona kwa kona, pande zote mbili isome 100, ikizidi au ikipungua fremu imepinda. Halafu akalaza ukingo wa ndani kwa randa ili mbao isije ikajichora kwenye kitambaa.

Kitambaa alinipa mama mwenyewe. Shuka lake jeupe la pamba alilodarizi kabla hajaolewa, katikati limeisha unaona mwanga kabisa, akasema "kata huku pembeni mwanangu, huku bado kuzima." Huko pembeni ndo kwenye maua.

Nikaanza kupigilia kwenye kona, kitambaa kikaja na mikunjo kama kanga iliyofinyangwa. Nikang'oa misumari yote usiku ule, naumia kweli maana kila msumari unaacha tundu kwenye shuka la mama. Asubuhi mzee akanionyesha, anza katikati, msumari mmoja huku, mwingine ng'ambo yake, unavuta kwa plaizi, kona zinakuja mwisho. Nikapaka gundi nyeupe ya mbao niliyochanganya na maji, ilipokauka ukikigonga kwa kidole kinalia kama ngoma. Wallahi nilikaa nakigonga tu. Edward Tingatinga mwenyewe, yule mchoraji, alichora kwenye hadibodi za dari, na siku hiyo nilimuelewa.

Juu nikapaka rangi nyeupe ya ukutani mara mbili, nikapiga msasa, lakini ua moja halikupotea, uzi wake umetuna pale chini kulia. Sikulisugua. Nikachora akina mama wanaokaanga samaki pale soko la Feri, na ua likaangukia kwenye beseni.

Mama alipoiona hakusema kitu kuhusu samaki. Alipitisha kidole chini kulia, taratibu, akasema "hili nililidarizi kwa bibi yako, taa ya chemli."