Barabara ya Magadi na Ramani ya Ulimwengu

Mwanzoni mwa Januari tuliondoka Nairobi alasiri kwa barabara ya Magadi kwenda kutazama nyota, na msongamano wa Ongata Rongai ukatuchelewesha hata tukafika Kona Baridi jua likizama. Kuanzia hapo barabara huteremka Bonde la Ufa, joto huzidi, na mwanga wa jiji hufichwa na vilima vya Ngong. Kule Olorgesailie tulipata giza tulilolifuata: chini upande wa kusini lilionekana Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo jirani yetu, lililo umbali wa miaka ya nuru 160,000 hivi, na kaskazini-magharibi galaksi ya Andromeda, iliyo mbali zaidi ya mara 15. Kwa macho, yote mawili ni madoa hafifu yaliyo kana kwamba yamebandikwa kwenye dari moja.

“Mwalimu, sasa umbali wanaupimaje?” aliuliza kijana mmoja, akifuta vumbi kwenye lenzi.

Mwalimu wa fizikia aliyetuongoza alitueleza habari za DESI, chombo cha kuchunguza mwanga wa galaksi kilichofungwa kwenye darubini ya Mayall huko Kitt Peak, Arizona. Kina roboti ndogo 5,000, kila moja ikilenga uzi wa kioo kwenye galaksi yake. Mwanga ukishatawanywa katika rangi zake, kiasi rangi hizo zilivyosogea kuelekea wekundu huonyesha ulimwengu umetanuka kiasi gani tangu mwanga huo uanze safari. Mawimbi ya sauti ya ulimwengu mchanga nayo yaliacha alama katika mpangilio wa galaksi, yenye urefu wa takribani miaka ya nuru milioni 500 leo, na kwa kuupima urefu huo katika enzi mbalimbali wanasayansi huona kasi ya kutanuka ilivyobadilika.

Tangu 1998, supanova, yaani milipuko ya nyota, zilipoonyesha kwamba kasi hiyo inaongezeka, kisababishi chake kimeitwa nishati ya giza. Ramani ya DESI iliyochambuliwa Machi 2025, yenye galaksi na kwasa (viini ang'avu mno vya galaksi za mbali) karibu milioni 15, ikiunganishwa na vipimo vingine, inadokeza kwamba nishati hiyo huenda inadhoofika. Ushahidi haujafikia kiwango ambacho wanafizikia hukiita ugunduzi, na nilimheshimu mwalimu kwa kulirudia jambo hilo mara mbili, maana vichwa vya habari havikuwa na subira hiyo.

“Na lile wingu la kusini, wamelipima?” kijana akauliza tena.

“Kitt Peak hawalioni kabisa, mwanangu. Anga ya huku inapigwa picha na darubini ya Rubin, iliyoko Chile.”