PHP haina kosa, hebu angalia databesi yako

Kuna ule ubishi usioisha kwenye magrupu ya maprograma, mtu anauliza sistimu ya duka niitengeneze na nini, hata hajamaliza kuandika ashaambiwa lugha ya PHP ni slo, Python ndo usiseme, chukua Go, chukua Rust. Mi nauliza tu, hilo duka linahudumia wateja wangapi kwa sekunde? Mara nyingi hata mmoja hafiki.

Sisemi kasi ni uongo. Discord, wale wa app ya kuchati, mwaka 2020 walieleza walivyotoa huduma yao moja kwenye Go wakaipeleka Rust, sababu Go kila baada ya kama dakika 2 ilikuwa inafagia memori na majibu yanachelewa. Twitter nao walianza na Ruby on Rails (fremuweki ya lugha ya Ruby), baadaye mambo mengi wakayahamishia lugha ya Scala. Ila cheki, wamehama wakiwa tayari na mamilioni ya watu, na kilichowafikisha hapo ni kile chepesi cha mwanzo. PHP yenyewe lilivyotoka toleo la 7, Desemba 2015, saiti nyingi zilikaribia kasi mara mbili ya 5.6 bila mtu kuandika kodi upya, unabadili toleo tu (haya, na kurekebisha viwili vitatu vilivyogoma).

Mi nakuwa mkali kwenye databesi, maana peji ya kawaida muda mwingi haipigi hesabu yoyote, imekaa inasubiri databesi ijibu. Chukua peji ya oda 50, ORM (kile chombo kinachokuandikia maswali ya databesi) inakuachia uandike oda.mteja.jina ndani ya lupu, tamu kabisa kusoma, kumbe huko nyuma limeenda swali (query) moja la kuleta oda halafu mengine 50, kila mteja na lake. Kwenye laptop yako huoni kitu, databesi si iko humohumo. Ukishapandisha kwenye seva na databesi ikawa mashine nyingine, kila swali likila milisekunde 2 za kwenda na kurudi, mia na ushee zishaondoka, na hata ungeandika kwa Rust ni zilezile. Dawa ni kuwaleta wateja wote kwa mpigo: kwenye Django (fremuweki ya Python) ni select_related, kwenye Laravel (ya PHP) ni with(), basi.

Kingine ni indeksi, ile orodha ya pembeni inayoisaidia databesi kupata mstari haraka, kama faharasa ya kitabu. Keshia anatafuta mteja kwa namba ya simu, jedwali likiwa na watu mia tatu linaruka, likifika laki kadhaa foleni inaanza kunung'unika. Weka EXPLAIN mbele ya swali lako kwenye databesi ya Postgres, ukiona Seq Scan wakati unamtafuta mtu mmoja ujue inapitia jedwali zima mstari kwa mstari. Unaweka indeksi, unafurahi, halafu bado iko slo! Kwa nini? Makeshia wanatafuta kwa tarakimu za mwisho, yaani LIKE '%4567', na alama ya asilimia ikikaa mbele indeksi ya kawaida haisaidii. Hapo tengeneza indeksi ya reverse(simu), yaani namba iliyogeuzwa nyuma mbele, yenye text_pattern_ops (ndiyo inaiwezesha LIKE kuitumia indeksi), na kwenye swali nako uigeuze namba, reverse(simu) LIKE '7654%'. Hakuna lugha itakayokufanyia hiyo.

Kwa hiyo duka likija kesho natumia Laravel au Django, ile ninayoijua hata usingizini, na Postgres chini yake. ORM ibaki kwenye fomu na kuhifadhi vitu vidogovidogo. Ripoti za mauzo za mwisho wa mwezi naandika SQL, lugha ya databesi yenyewe, kwa mkono, kuzilazimisha kwenye ORM ni kujitesa bure aisee.