Sadaka Isiyorudi Mikononi

Jai Shri Krishna, ndugu zangu.

Katika puja, yaani ibada, fupi ya nyumbani tunamtolea Bwana Krishna vitu vitano: sandali, maua, dhupa ya kufukiza, taa na chakula. Chakula kinaturudia, tunakila kama prasada, chakula kilichobarikiwa. Ua tunapewa, tunaligusisha machoni. Hata mwanga wa taa tunaupitishia viganja, kisha tunajipangusa usoni. Dhupa ndiyo iliyonishika wiki hii, kwa sababu yenyewe huungua ikaisha.

Marehemu bibi yangu hakuturuhusu kunusa kijiti cha dhupa kabla hakijawashwa. "Harufu ya kwanza si yako," alikuwa akisema. Wala hakukizima kwa kupuliza. Alikipungia kiganja, taratibu, mpaka ulimi wa moto ukafa ukabaki moshi.

Tunapoitoa dhupa tunasoma kwa Kisanskriti, "vanaspati rasodbhuto", yaani iliyozaliwa na utomvu wa miti. Nimeyasoma maneno hayo tangu utotoni bila kuuliza utomvu unapatikanaje. Guguli, mti mmojawapo wa utomvu huo, ndugu wa manemane, huota katika nchi kavu za Kachchh na Rajasthan huko India. Watu huuchanja mti gome, na kinachovuja kwenye jeraha ndicho kinachoganda kikawa punje tunazoweka juu ya kaa. Kwa tamaa ya mavuno mti huchanjwa mno hadi ukafa, na leo guguli ni miongoni mwa miti iliyo hatarini kutoweka. Nawasihi, punje mbili zinatosha. Katika Gita, kitabu chetu kitakatifu, 9:26, Krishna anataja jani, ua, tunda na maji vitolewavyo kwa upendo. Moshi mzito hakuudai.

Na ukishatoka kwenye chetezo, moshi huo huwezi kuuchagulia wa kumfikia. Utomvu wa kufukiza kwa Kigujarati tunauita pia loban, jirani zetu Waislamu wanasema ubani. Maneno yote mawili yametoka kwa Waarabu, wafanyabiashara wa bahari hii yetu. Jioni za utoto wangu bibi aliweka chetezo mbele ya picha ya Krishna, punje zikachemka juu ya kaa, zikatoa povu jeusi pembeni. Moshi ulimzunguka Bwana kwanza. Halafu ulipita kwenye nondo za dirisha, ukashuka ngazini, ukaingia kwenye kanga za mama wa chini zilizoanikwa kambani. Naye alikuwa akiita kutoka chini, "Mama, leo umechoma mzuri!"