Saruji Iliyokula Mawe ya Kanisa

Leo mafundi wamebandua lipu ya saruji kwenye ukuta wa kaskazini wa kanisa letu dogo. Ukiigonga kwa mpini wa nyundo ilikuwa inalia kama debe tupu. Ilipoanguka, mawe ya nyuma yalikuwa yamelowa, na nilipoyagusa yalipukutika unga vidoleni. Nilisikitika sana, maana waliopaka saruji ile walilipenda kanisa hili na walichanga fedha zao ili ukuta uwe imara.

Wazee walijenga kwa chokaa. Mawe ya chokaa huchomwa tanuruni kwa joto la nyuzi 900 hivi, yakazimwa kwa maji na kuchanganywa na mchanga. Kisha chokaa hiyo, ikishajengea ukuta, taratibu huvuta hewa ya ukaa na kugeuka jiwe tena. Chokaa ni laini kuliko mawe yenyewe. Ukuta ukitikisika kidogo, kinachopasuka ni kiungo, si jiwe, na unyevu hutoka kupitia hapo hapo ukakauka. Saruji ya Portland, yaani saruji ya kawaida ya siku hizi, iliyosajiliwa hataza Uingereza mwaka 1824, ni ngumu na huyafungia maji ndani. Maji yakikosa njia hupitia kwenye jiwe, chumvi yake ikaganda humo, na jiwe likaanza kumomonyoka.

Saruji itolewe, hilo sina ubishi nalo. Kinachonikosesha usingizi ni wanaotaka kanisa lirudishwe kama lilivyokuwa siku ya kwanza, hata lile dirisha la kusini lililozibwa kwa matofali zamani lifunguliwe. Siku ya kwanza nani anaijua? Hatuna picha wala mchoro. Mwaka 1877 William Morris, msanii na mwandishi wa Uingereza, na wenzake walianzisha chama cha kutetea majengo ya kale, kwa sababu makanisa ya Uingereza yalikuwa yakikwanguliwa kila kilichoongezwa baadaye ili yafanane na ukale wa kubuni. Mkataba wa Venice wa 1964, wa kimataifa kuhusu kuhifadhi majengo ya kale, nao unasema ukarabati ukome pale kukisia kunapoanza, na mchango wa kila kipindi uheshimiwe.

Matofali yale yamepangwa na mtu aliyejua kazi: viungo vimenyooka, na kingo zimeungana na mawe bila ufa. Huyo naye ni mjenzi wa kanisa hili. Kamati ikikutana nitaomba dirisha libaki limezibwa, na viungo vyake vijazwe chokaa pamoja na ukuta mzima.